Sinema za Kutisha za Usiku wa Manane

Kwa majuma kadha ukurasa huu umesema habari za karo, za malezi, na za vijana wanaoyaacha mashamba. Leo nataka kusema habari za mazimwi. Sisemi yale ya hadithi ambazo nyanya zetu walitusimulia karibu na moto, bali yale yaliyotujia kwa njia ya televisheni saa nne na saa tano za usiku, saa ambayo watoto watiifu wamekwisha sali na kulala.

Nasema habari za mji wa Butembo katika miaka ya mwanzo ya 2000. Kijana wa leo mwenye simu mfukoni hawezi kujua jinsi kitu hicho kilivyokuwa adimu. Mji wetu, pamoja na biashara yake yote, ulikaa miaka na miaka bila umeme wa shirika la taifa. Aliyetaka mwanga alinunua jenereta. Na mwenye jenereta alihitaji petroli, nayo ilipanda milima kutoka Kasindi, mpakani mwa Uganda, ikauzwa kwa chupa kando ya barabara. Kwa hiyo televisheni ya mtu mmoja ilikuwa mali ya mtaa mzima. Kwetu, upande wa Vulamba, mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu mpole. Lakini mkewe alikuwa na sheria yake: kila mtoto atakayeingia sebuleni aje na bidoni ya maji kutoka chemchemi. Tulileta. Nadhani mama yule hakuchota maji kwa mikono yake mwenyewe kwa muda wa miaka mitatu.

Kwanza zilikuja habari, kisha matangazo ya vifo, kisha nyimbo. Watu wazima walianza kuaga, maana baridi ya Butembo usiku si ya mchezo. Ndipo kituo kilipoweka sinema ya mwisho, ambayo mara nyingi haikuwa na jina, kwa kuwa mkanda ulianza katikati. Jenereta likikohoa mara tatu tulijua kwamba petroli imebaki kikombe kimoja. Mimi nimeona mianzo ya sinema arobaini na miisho ya kumi, kama si pungufu. Ile miisho mingine tuliitunga wenyewe njiani tukirudi nyumbani gizani, kila mtu ameshika shati la mwenzake.

Pengine mtauliza kwa nini saa zile walionyesha sinema za kutisha, tena zile ambazo hakuna mtu aliyezijua. Sababu ni fedha, wala jambo hilo halikuanza kwetu. Mwaka 1957, huko Marekani, kampuni ya Screen Gems iliviuzia vituo vya televisheni fungu la sinema 52 za kale za kampuni ya Universal, fungu lililoitwa Shock. Ndani yake zilikuwamo Dracula na Frankenstein za mwaka 1931, na nyingine nyingi ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzisahau. Bei yake ilikuwa nafuu, na saa za usiku zilikuwa tupu. Nyingine hazikudai hata senti. Sinema ya George Romero iitwayo Night of the Living Dead, ya mwaka 1968, ilipobadilishwa jina ilisahauliwa kuandikwa ile alama ya haki ya mwenye kazi iliyotakiwa na sheria ya Marekani ya wakati ule. Basi ikawa mali ya kila mtu, na kila kituo kikaionyesha kilivyotaka. Kwetu hesabu ilikuwa fupi zaidi: mkanda ulinunuliwa sokoni pamoja na sabuni, ukatiwa katika mashine.

Ile tuliyoipenda kupita zote ilitoka Hong Kong. Jina lake, nililolijua nikiwa mtu mzima, ni Mr. Vampire, nayo ilitengenezwa mwaka 1985 na Ricky Lau. Mwigizaji Lam Ching-ying ni mwalimu wa dini ya Tao, mwenye nyusi zilizoungana, ambaye kazi yake ni kuwatuliza wafu wasiotulia. Wafu hao hawatembei. Wanaruka kwa miguu miwili pamoja, mikono wameinyosha mbele, wamevaa kanzu za maofisa wa wafalme wa China ya kale. Humtambua mtu kwa pumzi zake. Ukizuia pumzi, maiti anakupita. Ukimbandika karatasi ya manjano yenye maandishi juu ya paji la uso, anasimama kama mti. Na aliyejeruhiwa hutibiwa kwa mchele wa kunata. Hapo pana kisa ambacho Butembo nzima ilikipenda: kijana anatumwa dukani kununua mchele huo, na mwenye duka, kwa kutaka faida, anauchanganya na mchele wa kawaida, hata dawa inaharibika. Katika mji wa wafanyabiashara kama wetu, sebule ililipuka kwa kicheko. Mwenye nyumba mwenyewe alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akatutazama kama anayejiuliza kwa nini sisi watoto tunacheka kiasi kile.

Kesho yake uwanja wa shule ulijaa wafu wa China. Karatasi za daftari zilipasuliwa zikabandikwa kwa ute wa mdomo. Mwenzetu mmoja alizuia pumzi kwa bidii hata akaanguka chini. Mwalimu, ambaye hakuwa na televisheni, alidhani ni degedege.

Baada ya Wachina walikuja Wanijeria. Sinema ya Living in Bondage, ya mwaka 1992, ilikuwa imewafungulia mlango: habari za mtu aliyemtoa mkewe kafara apate utajiri, kisha mzimu wake ukamwandama. Lakini jina lililotajwa sana kwetu lilikuwa Karishika, kazi ya Christian Onu ya miaka ile ile ya 1990. Lusifa anamtuma malkia wa mapepo duniani awapoteze wanadamu, naye anakuja katika umbo la mwanamke mzuri. Kwa ufundi sinema hiyo ni duni. Moto wa jehanamu unaonekana wazi kuwa umechorwa na mashine, na kelele zake zinaumiza masikio. Walakini mama zetu walifanya ishara ya msalaba kila alipotokea.

Sinema hizo zilisema Kiingereza, na sisi tulifundishwa Kifaransa shuleni. Ndipo alipohitajika msimulizi. Wetu alikuwa kijana aliyesoma miaka michache Uganda, naye alisimama kando ya televisheni akigeuza maneno kuwa Kiswahili, na pale penye uchungu mwingi akaingiza Kinande. Hakuwa mfasiri mwaminifu, Mungu ashukuriwe. Lusifa alipoinuka katika kiti chake, akiwa na pembe zake na majeshi yake, kijana alisema kwa sauti ya upole: “Mheshimiwa anakwenda kutoza kodi.” Nyakati zile za vita, wakati kila mwenye bunduki alikuwa na kizuizi chake barabarani, watu walielewa mara moja. Hofu ilipasuka ikawa kicheko, na sinema ikaendelea.

Sikujua wakati ule kwamba kazi hiyo ina mabingwa wake katika Afrika ya Mashariki nzima. Tanzania ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, kwanza mbele ya watu katika vibanda vya video, kisha katika kanda zilizouzwa. Karishika nayo ilipata msimulizi wake wa Kiswahili, hata mtaalamu Mjerumani, Matthias Krings, akaandika uchunguzi mzima juu yake. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda wapo wengi wanaosimulia kwa Kiganda. Wapo wanaosema kwamba wasimulizi hao huharibu kazi ya watu. Mimi nasema kwamba bila wao tungalipata picha tu na kelele. Msimulizi mzuri anajua nani aliye sebuleni. Akiona mtoto mdogo amejificha nyuma ya kiti, anamwambia zimwi jina la mtu anayejulikana mtaani kwa uvivu, na mtoto anatoa kichwa.

Watanzania hawakuridhika na kusimulia tu. Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka, na mwaka 2005 akatengeneza Shumileta, habari za jini wa kike anayempenda binadamu. Hapo hatukuhitaji mfasiri. Ilikuwa ajabu kwetu kusikia jini anasema Kiswahili safi kuliko mwalimu wa darasa la sita. Naungama kwamba naipenda Shumileta, ijapokuwa mwendo wake ni wa konokono. Pepo anayeona wivu, anayelia, anayetaka kuolewa, anatisha kwa namna ya pekee, maana unaweza kumhurumia.

Lakini iko moja ambayo haikunitoka moyoni. Ilikuwa katika diski moja ya bei rahisi iliyobeba sinema ishirini, nayo ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Wasichana watatu wamo katika gari. Gari linaanguka kutoka darajani, linazama mtoni. Baada ya saa nyingi mmoja anatoka majini, amejaa matope, hajui amepataje kupona. Anakwenda mji mwingine kupiga kinanda kanisani. Njiani anaona kioo cha gari kikionyesha uso mweupe wa mwanamume ambaye si yeye. Wakati mwingine, akiwa dukani au barabarani, sauti zote zinanyamaza ghafula, na watu wanapita mbele yake kana kwamba hayupo. Hakuna damu. Hakuna pembe. Jenereta lilizimika pale anapokuwa anakimbilia ziwani, kwenye jumba la michezo lililoachwa ukiwa.

Nilikaa na jambo hilo miaka kumi na mitano. Leo najua kwamba ni Carnival of Souls, ya mwaka 1962, na kwamba msichana yule ni Candace Hilligoss. Herk Harvey aliyeitengeneza alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Centron katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza sinema za mafundisho kwa shule na viwanda. Alipata fedha kidogo, dola karibu 33,000, akaipiga kwa muda wa majuma machache, na yule mwanamume mwenye uso mweupe ni yeye mwenyewe. Hakutengeneza sinema nyingine ndefu ya hadithi. Iliposhindwa kuuzwa iliangukia televisheni za usiku, na huko ndiko ilikopata watu wake. Nikisoma habari hizo niliwakumbuka mapadri wa Ubelgiji waliotengeneza sinema za mafundisho kwa ajili ya wazee wetu, kama Padri Albert Van Haelst na Matamata na Pilipili wake. Sijui kama usiku, kazi ikiisha, nao walitamani kupiga picha za wafu. Mwisho wa Carnival of Souls nimekwisha kuuona. Sitausema.

Sasa yanipasa kugusa jambo zito. Hofu haikuletwa kwetu na sinema. Tangu zamani za ukoloni watu wa pwani walisema habari za mumiani, anayenyonya damu ya watu kuwa dawa; Katanga walikuwa na batumbula; Uganda na Kenya walisema wazimamoto hukamata watu usiku. Mwanahistoria Luise White amezikusanya habari hizo katika kitabu cha mwaka 2000. Hofu ya namna hiyo haina mkanda wala jenereta la kuzima. Sisi wa Butembo na Beni tuliiona kwa macho wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, na hata ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 3,470 walikuwa wameugua, na kati yao 2,287 wamekufa. Waganga walikuja wamefunikwa mwili mzima kwa nguo nyeupe, macho nyuma ya kioo, wakachukua wagonjwa na kuzika maiti. Mitaani yakaenea maneno kwamba wanauza viungo, kwamba ugonjwa umeletwa makusudi. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, mganga kutoka Kameruni, Daktari Richard Mouzoko, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Alikuwa amekuja kutuponya.

Na ndiyo maana siwezi kuzipenda sinema zote za kutisha kwa kipimo kimoja. Maiti wa China anayeruka hamnyoshei kidole mtu yeyote wa nyumba yako. Lakini ziko sinema, na hasa nakumbuka End of the Wicked ya Nijeria, ya mwaka 1999, zinazoonyesha watoto wakiingizwa uchawini, wakila nyama za watu usiku na kuwaangamiza wazazi wao, na zinaonyesha hayo si kama hadithi bali kama ushuhuda. Anayetazama anarudi nyumbani na swali: je, katika watoto wangu ni nani?

Katika mtaa mmoja ninaoujua, baada ya usiku wa namna hiyo, yatima mmoja aliyelelewa na ndugu za marehemu baba yake alianza kutazamwa kwa jicho jingine. Alikuwa akisema usingizini, na alikojoa kitandani. Mtoto mwingine wa nyumba hiyo alishikwa na homa. Basi. Ushahidi wote ulikuwa huo. Kwa juma zima alipewa chakula nje, katika sahani yake ya pekee, na hakuna aliyemwita kwa jina. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa hana televisheni wala hamu nayo, alikwenda akamchukua kwa mkono mbele ya watu wote, akamlaza nyumbani kwake pamoja na wajukuu zake, na asubuhi akatangaza kwamba hakuna aliyekufa. Homa ya yule mwingine ilikuwa malaria. Nawaomba wazazi wakumbuke kwamba Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi, na Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, yaadhibu jambo hilo kwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, pamoja na faini. Wengi hawaijui. Nimeiandika katika ubao wa darasa langu.

Katika nchi ya Beni mauaji ya raia yalianza kuzidi tangu Oktoba 2014. Jamaa nyingi zilikimbilia kwetu Butembo, na watoto wao wakaingia madarasani mwetu, wengine wakitoka Rwangoma, ambako usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 watu wengi waliuawa. Nilisita sana kuonyesha sinema yoyote ya kutisha mbele ya watoto hao. Siku moja walimu wenzangu walikuwa na mashine ya kuonyeshea picha, wanafunzi wa sekondari wakapiga kura, wakachagua Mr. Vampire. Nilikaa karibu na mvulana mmoja wa kutoka kule, tayari kumtoa nje. Alitazama kimya mpaka maiti wa kwanza alipobandikwa karatasi akasimama. Hapo alinigeukia.

“Mwalimu,” akasema, “huyu anazuiwa na karatasi?”

“Ndiyo,” nikamjibu.

“Na mtu anamsikia anavyokuja, tu, tu, tu?”

“Anamsikia.”

Alicheka. Alicheka kupita wote katika chumba kile, kwa muda mrefu, na mwenzake aliyetoka naye kijiji kimoja akacheka pia, na sisi wengine tukawaacha wacheke.

Tangu siku hiyo tumeonyesha sinema nyingine tatu, mchana, kwa wanafunzi wa sekondari tu, madirisha yakiwa wazi nusu. Msimulizi ni mwanafunzi wa mwaka wa tano, fundi wa maneno, ingawa Kifaransa chake hakiwapendezi wakaguzi. Shumileta imepigiwa kelele kwa mwendo wake wa polepole. Carnival of Souls imetazamwa kimya, na baadaye wasichana wawili waliniomba waione tena.

Imebaki moja ambayo sijaipata, na hapa naomba msaada wenu, hasa ninyi baba na mama wa umri wangu mliokuwa Butembo, Beni au Lubero katika miaka ile. Ni ya rangi. Mlinzi wa mnara wa taa, kando ya bahari, anasikia kila usiku mtu akibisha mlango wa chini, naye anajua kwamba ngazi imekwisha vunjika na hakuna awezaye kupanda. Anashuka na taa ya mkono. Petroli iliishia hapo. Anayeijua jina lake, au aliyeona huyo aliyekuwa mlangoni, aniandikie kwa anwani ya gazeti.